Kisiwa, Mamba na Vigingi vya Chuma

Mpwa wangu anasoma jiolojia chuo kikuu, mwaka wa pili. Mwezi uliopita alinipigia simu, na kwa jinsi alivyoanza na "shikamoo mjomba" ndefu kuliko kawaida nikajua kuna hela inatafutwa. Wanakwenda fildi. Siku kumi, kisiwani, Ziwa Victoria hili hili. Anahitaji buti, nyundo ya kupasulia mawe na nauli ya kujaliza pale bodi ya mikopo ilipoishia.

Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, umezaliwa Mugango, umekulia mwaloni, mtumbwi umepanda kabla hujapanda basi. Kisiwani unakwenda kujifunza nini ambacho hukukiona hapa?"

Akacheka. "Mjomba, mawe ya hapa kwetu ni ya zamani mno. Hayana mifupa."

Jibu hilo lilinikaa kichwani kuliko buti. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma nikakuta kwamba historia ya safari za wanajiolojia kwenye visiwa na rasi za ziwa letu ni hadithi kamili, ina mamba, ina wizi wa chuma, ina fuvu lililosafiri kwa ndege likiwa limepakatwa. Nimeona niiandike hapa. Kwenye blogu hii tunaongea riwaya na mashairi siku zote, leo tuongee mawe kidogo.

Kwanza mawe ya kwetu. Aliyepita barabara ya Musoma ameyaona: majabali makubwa ya matale yamepandana kama mtu aliyapanga kwa mkono, mengine yamekaa juu ya mengine kwa ncha tu, na mbuzi wanalala kivulini chake. Hayo ni mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo humo ndimo ulimo mkanda wa miamba unaobeba dhahabu ya Mara, ule uliowafikisha watu Buhemba na Kiabakari. Lakini mpwa wangu ana haki. Wakati mawe hayo yanaumbwa, duniani hapakuwa na samaki, sembuse nyani. Ukitafuta mfupa ndani yake utazeeka.

Mifupa iko kaskazini. Ukitoka Mugango kwa maji, ukapita Musoma, ukaacha Shirati mkono wa kulia, ukavuka mpaka, unafika Karungu, kisha unakuta visiwa vya Mfangano na Rusinga upande wa Kenya. Ni ziwa lile lile, dagaa wale wale, karabai zile zile usiku. Tofauti ni moja tu: kule palikuwa na volkano.

Volkano hiyo wataalamu wanaiita Kisingiri. Ilitapika majivu kwa muda mrefu, kiasi cha miaka milioni 18 na zaidi iliyopita, na majivu yake yalikuwa na kitu kama chokaa ndani yake. Majivu ya namna hiyo ni mazuri ajabu kwa kutunza. Mnyama akifa, yanamfunika upesi, na badala ya kuozesha mifupa yanaigeuza jiwe. Si mifupa tu: Rusinga wameokota matunda, mbegu na wadudu, vyote vimekuwa mawe na bado vina sura yake. Na ndipo linapokuja jambo ambalo mimi, mtoto wa ziwani, lilinisumbua: wakati huo hapakuwa na kisiwa. Hapakuwa hata na ziwa. Rusinga ilikuwa ubavu wa mlima wa moto, na chini yake msitu na vijito. Ziwa Victoria ni mtoto mdogo. Lilijikusanya pengine miaka laki nne hivi iliyopita, ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na kuizuia mito kama Kagera na Katonga, maji yakakosa pa kwenda. Na hata baada ya hapo lilikauka. Wanasayansi waliochimba matope ya sakafuni wamekuta dalili kwamba kama miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita palikuwa pakavu. Mahali ambapo leo unatega nyavu za sangara, mtu angeweza kutembea kwa miguu.

Nilipomsimulia mama hilo alinitazama tu. Yeye mwaka 2020 aliona maji yakipanda na kumeza migomba ya watu pwani. Ukimwambia ziwa lilikauka anakwambia waliosema hivyo waje waone.

Turudi kwenye safari.

Visukuku vya Karungu viligunduliwa mwaka 1909, na aliyetangulia hakuwa mwanajiolojia wa chuo bali mtafuta dhahabu, G. R. Chesnaye. Afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, D. B. Pigott, akaenda kukusanya. Katika safari ya kurudi, ziwani, Pigott akaliwa na mamba. Mifupa aliyoikusanya haikuliwa. Ilifika London, na mwaka 1911 taya moja ikaelezwa kuwa ya mnyama wa ukoo wa tembo mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, akapewa jina la afisa mwingine, Hobley. Yaani Pigott ndiye aliyelipa kwa mwili wake, na jina likaenda kwa mwingine. Mwaka huo huo wa 1911 makumbusho ya London yakamtuma Felix Oswald, mwanajiolojia hasa, aje aipime ile miamba tabaka kwa tabaka. Ripoti yake ilitoka mwaka 1914. Oswald hakuliwa na kitu.

Miaka ya 1930 ndipo vyuo vikuu vinapoingia. Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete na kuongea Kikikuyu kama wenyeji, alikuwa Cambridge, na alianza kuja na vijana wa chuo. Aliijua Rusinga tangu safari ya 1931 na 1932. Lakini kilichomletea jina, na nusura kimmalize, hakikuwa kisiwani. Kilikuwa bara, kwenye rasi ya Homa, mahali panapoitwa Kanam.

Machi 1932 kijana wake wa kazi, Juma Gitau, aliokota Kanam kipande cha taya ya mtu. Leakey aliamini taya ile ni ya zamani sana na ni ya babu wa mtu wa leo. Mwaka 1933 wazee wa taaluma walikutana Cambridge, wakaitazama, wakampa baraka kwa tahadhari. Mmoja hakuridhika: Percy Boswell, profesa wa jiolojia wa Imperial College, London. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa, lile ambalo mwalimu yeyote wa jiolojia humwuliza mwanafunzi siku ya kwanza ya fildi: hiki kitu kilikuwa wapi hasa? Tabaka gani? Nionyeshe.

Leakey akasema karibu, njoo uone.

Hapo alikosea hesabu. Boswell alikuja kweli, Januari 1935. Ilikuwa safari ya jiolojia kwa maana yake yote: profesa mzima amevuka bahari, na kambini yumo tayari mwanajiolojia kijana wa miaka 21, Percy Edward Kent, ambaye baadaye alikuwa mtu mkubwa katika fani hiyo. Leakey alipowapeleka eneo la tukio, hakuweza kuonyesha mahali penyewe. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimekula makorongo. Ramani ya kina hakuwa nayo. Kamera yake ilikuwa imemharibikia wakati ule, na picha aliyokuwa ameitumia Uingereza ikaonekana ni ya mahali pengine. Vilikuwa vimebaki vigingi vya chuma alivyovichomeka mwaka 1932 kuweka alama.

Vigingi havikuwepo. Kwa maelezo ya Leakey mwenyewe, wenyeji walikuwa wameving'oa, wakatengenezea zana za kuvulia samaki.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kila kitabu nilichopitia kinakisimulia kisa hiki kama bahati mbaya ya Leakey, au kama uzembe wake, inategemea mwandishi yuko upande gani. Mimi nikikisoma nakuwa upande wa mvuvi. Fikiria: ni mwaka 1932, chuma ni mali. Ncha ya mkuki wa samaki au ndoana ni chakula cha nyumba. Anatokea mzungu, anachomeka vipande vya chuma kizuri kwenye korongo ambalo halina kitu, anapanda gari anaondoka, mwaka unapita, wa pili unapita. Hakumwambia mtu hiki ni cha nini. Au kama alimwambia, alimwambia kwa lugha ya "msiguse". Wewe ungefanyaje? Mimi ningeving'oa. Baba yangu angeving'oa usiku ule ule.

Boswell aliandika barua kwenye jarida la *Nature*, ikatoka Machi 1935, akisema wazi kwamba ushahidi wa mahali haupo. Kwa jinsi taaluma ile inavyokwenda, barua ile ilikuwa kama kunyang'anywa leseni. Cambridge pakawa pazito kwa Leakey, na miaka mingi ilipita kabla jina lake halijasimama tena vizuri.

Kilichomsimamisha ni kisiwa.

Januari 1947 Nairobi ilifanyika kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, Leakey akiwa ndiye mwandaaji. Aliyevutiwa zaidi na visukuku vya ziwani alikuwa Wilfrid Le Gros Clark, profesa wa anatomia wa Oxford, na kutokana na hapo safari za pamoja za Uingereza na Kenya zikaanza. Mfanyabiashara wa London, Charles Boise, akatoa fedha. Wakapata na mashua, wakaiita *Miocene Lady*, yaani bibie wa zama zile za kale ambazo mawe ya Rusinga ni yake. Mara hii Leakey alikuwa na adabu ya mtu aliyeungua: kila mahali pa kuchimba palipewa namba yenye herufi R ya Rusinga. R106, R114, na kuendelea. Boswell alikuwa mwalimu mkali lakini somo liliingia.

Tarehe 2 Oktoba 1948, R106, Louis anachimba mamba wa kale (mamba tena!), mke wake Mary anazunguka peke yake kwenye mteremko. Mamba kwa Mary hakuwa na maana. Akaona vipande vya mfupa, halafu akaona jino. Lilikuwa fuvu la sokwe wa kale wa jamii iliyoitwa Proconsul, lenye uso, la kwanza la aina yake. Jina lenyewe lilikuwa limetolewa mwaka 1933 na A. T. Hopwood kwa utani fulani: Consul lilikuwa jina walilokuwa wakipewa sokwe wa maonyesho Ulaya, kwa hiyo Proconsul ni "aliyemtangulia Consul". Mtu anaweza kukaa ardhini miaka milioni 18 halafu akaja kubatizwa jina la mcheza sarakasi.

Mary alilipeleka fuvu Uingereza kwa ndege, kasha likiwa mapajani mwake, na waandishi wa habari walikuwa wanamsubiri uwanjani. Le Gros Clark akalipokea Oxford. Kisha likabaki London, makumbusho ya pale, kwa mkopo. Neno "mkopo" ndilo lililokuja kuleta kesi. Kenya ilipolidai, London walijifanya kusahau kwamba ni la kuazima, mpaka barua za zamani zikapatikana kwenye kumbukumbu za serikali Nairobi zikionyesha makubaliano yalivyokuwa. Fuvu likarudi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nani alisema makaratasi hayana faida? Kigingi cha chuma kiling'olewa, barua ikabaki kwenye faili.

Sasa nije kwa kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Mwaka 1951 Thomas Whitworth, mwanajiolojia aliyekuwa anaichora ramani miamba ya Rusinga, alikuta R114 kitu cha ajabu: mduara wa jiwe la kijani katikati ya mwamba wa rangi nyingine, umesimama wima kama pipa, umejaa mifupa. Kulikuwa na mkono wa mbele wa Proconsul na mifupa ya wanyama wengine wengi. Whitworth akasema hili ni shimo lililochimbwa na maji ya mto, lile ambalo kokoto huzunguka ndani yake mpaka linakuwa kama kinu. Maelezo ya busara. Yakaandikwa hivyo, na mkono ule ukachunguzwa na kuchapishwa mwaka 1959.

Mwaka 1980 hivi, Alan Walker na Martin Pickford walikuwa Nairobi wanapekua droo za makumbusho. Wakakuta mifupa ya mguu, ya vidole, imechanganywa na mifupa ya nguruwe na wanyama wengine, na bado imeshikwa na jiwe lile lile la kijani. Walipoilinganisha ilishikana na ya mwaka 1951. Ni yule yule! Karibu miaka 30 alikuwa amelala vipande vipande kwenye droo tofauti, mkono huku, mguu kule na nguruwe. Wakarudi Rusinga kwenye R114. Na walipoliangalia vizuri lile "shimo la mto" wakaona si shimo. Ni mti. Mti mkubwa ulikuwa umefukiwa na majivu ya volkano ukiwa umesimama, ukaoza ndani ukawa na uwazi, wanyama wakaingia au wakaingizwa na mla nyama, kisha tope la kijani likajaa. Pipa lilikuwa shina.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mzee wetu wa ng'ambo, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Wasomaji wa blogu hii mnamjua. Alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akazihamishia mwenyewe kwenye Kiswahili, na kitabu kikaja kutoka Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 mswada unangoja, na umri wa mzee unakwenda. Sisemi mswada ni mfupa. Nasema tu kwamba kwenye ziwa hili vitu vikubwa vina tabia ya kukaa kwenye droo ya mtu.

Na majina je? Kwa miaka mingi ukisoma habari za Rusinga unakutana na Leakey, Clark, Boise, Whitworth. Walioinama juani ni wengi zaidi. Heselon Mukiri alianza na Leakey tangu miaka ya 1920, akawa mkuu wa wachimbaji, jicho lake likiaminiwa kuliko la wasomi. Mwaka 1993 Walker na wenzake walipogawa Proconsul wa Rusinga katika aina mbili, ile ndogo, ambayo fuvu la Mary ni lake, wakaiita *heseloni*. Halafu mwaka 2015 timu nyingine ikaonyesha kwamba hawa wa Rusinga si Proconsul kabisa, ni jamii yao wenyewe, ikawapa jina Ekembo, kutoka Kisuba, lugha ya wenyeji wa visiwa vile, ambayo ni ndugu wa lugha kadhaa za Mara yetu. Kwa hiyo leo anaitwa *Ekembo heseloni*. Yule mcheza sarakasi ameondoka. Limebaki neno la Kisuba na jina la mchimbaji. Juma Gitau wa Kanam hakupata bahati hiyo.

Siku hizi safari za vyuo Rusinga zimekuwa jambo la kawaida. Timu za Baylor na Minnesota, walimu na wanafunzi wao, walichapisha mwaka 2014 kazi juu ya visiki na mizizi ya msitu mzima waliyoikuta kwenye tabaka moja na mifupa ya sokwe yule, wakathibitisha kwamba aliishi kwenye msitu mnene uliofunga juu, na si mbugani kama wengine walivyodhani. Kwa msomaji wa kawaida inaweza kuonekana kitu kidogo. Lakini ni swali lile lile la Boswell, wapi hasa, na safari hii lina jibu: hapa, penye mti huu.

Kuna jambo linaniwasha kidogo. Bomba la mradi wa maji linaondoka hapa Mugango linapanda mpaka Kiabakari na Butiama, na waliochimba mtaro wake wamepita kwenye miamba yenye umri wa ajabu. Sikumwona mwalimu wa sekondari hata mmoja akiwaleta watoto wautazame mtaro ule kabla haujafukiwa. Pengine alikuwepo, mimi sikumwona. Tunamngoja mtoto afike mwaka wa pili wa chuo ndipo apandishwe mtumbwi kwenda kuonyeshwa jiwe.

Buti nilimnunulia, za mtumba, soko la Musoma. Nyundo akaazima. Siku ya nne akanipigia kutoka kisiwani, upepo unavuma kwenye simu nusu ya maneno siyasikii. Akaniambia wamepima, wamechora, mwalimu amewakaripia kwa kuandika "karibu na mti mkubwa" kwenye daftari.

Nikamwuliza, "Mmeweka alama gani?"

"GPS, mjomba. Na rangi nyekundu kwenye jiwe."

"Chuma hamkuweka?"

"Mwalimu alitaka nondo," akasema. "Mzee wa mwaloni akamwambia weka tu, lakini kesho usije kuniuliza."